Mwanangu, tafuta upana kwanza

Mwanangu,

Picha ya swali lako la kugeuza limiti ya jumla iwe intigrali nimeiona, umekwama palepale wengi wanapokwama, unaona sigma (ile alama ya jumla, Σ) imeandikwa i kutoka 1 hadi n halafu unataka kuzibeba hizohizo ziwe mipaka ya intigrali. Hapana mama. Hiyo i inahesabu vipande tu, cha kwanza cha pili mpaka cha mwisho, haikwambii x inaanzia wapi.

Swali lako ni limiti ya jumla ya n/(n² + i²), n ikienda infiniti. Kwa macho haifanani na jumla ya Riemann (ile ya kupima eneo chini ya mchoro kwa mistatili) wala nini. Ila kumbuka ile jumla ni mistatili myembamba mingi, kila mmoja una upana na urefu, sasa wewe anza na upana, yaani 1/n, ambayo hapa wameificha makusudi (watunga mitihani bwana). Gawanya juu na chini kwa n²: juu inabaki 1/n, chini inakuwa 1 + (i/n)². Si hiyo hapo! 1/n ndo dx, i/n ndo x, urefu ni 1/(1 + x²). Mipaka sasa: i ikiwa 1, x ni 1/n, inaelekea 0. i ikiwa n, x ni 1. Kwa hiyo ni intigrali ya 1/(1 + x²) kutoka 0 hadi 1, jibu π/4, na pai yenyewe haikuwepo popote kwenye swali, mi hii hainichoshi kabisa. Ila usikariri 0 na 1, sigma ikiishia 2n na x bado ni i/n, mpaka wa juu ni 2.

Halafu x unachagua mwenyewe. Chukua limiti ya jumla ya (3/n)√(1 + 3i/n), i 1 hadi n. Ukisema x ni 3i/n unapata √(1 + x) kutoka 0 hadi 3, ukisema x ni 1 + 3i/n unapata √x kutoka 1 hadi 4, zote 14/3, so jibu la kitabu likiwa tofauti na lako usifute haraka, piga zote mbili uone. Balaa ni kuchanganya, √x ya huku na 0 hadi 3 ya kule.

Jaribu hii sasa, limiti ya jumla ya 1/(n + i), i 1 hadi n, n ikienda infiniti. Toa n nje kule chini kwanza. Ikitoka ln 2 umepata, ikitoka kingine nitumie picha ya hatua zote, sio jibu peke yake.