Mwanangu, Tazama Ukuta Kwanza

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu na za baba yako, ambaye magoti yanamsumbua lakini hataki kusikia habari ya kwenda hospitali. Sisi wengine wazima.

Video uliyotuma nimeitazama mpaka mdogo wako akaninyang'anya simu. Mjukuu wangu kasimama! Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni. Halafu nikaitazama tena, safari hii nikaacha uso wake nikatazama mikono. Kashika nini? Kashika droo ya meza ya televisheni. Wewe unacheka nyuma ya simu, mkamwana wangu anapiga makofi, na kule juu televisheni inatikisika. Itazame tena ukiwa umetulia, utaona.

Kesho yake ndipo ukaniandikia kwamba mnataka kubadilisha televisheni, mchukue ya inchi 65, ofa inaisha mwisho wa wiki, mama unasemaje. Haya, nasema. Ila swali langu la kwanza si la inchi. Itakaa wapi, na itafungwa na nini?

Ile habari ya televisheni iliyoanguka kwa shangazi yako unaijua, sina haja ya kuirudia.

Usinijibu kwamba za siku hizi ni nyepesi. Zile za chogo zilikuwa na kioo kizito mbele, kwa hiyo uzito wote ulielekea kwa mtazamaji na zikianguka ziliangukia mbele. Hizi bapa ubaya wake ni mwingine: pana, ndefu kwenda juu, nyembamba kama sinia, halafu zimesimamishwa juu ya miguu miwili ya plastiki. Mtoto hana haja ya kuinyanyua. Anashika ukingo, anajivuta asimame, basi. Ya inchi 43 huwa na kilo 8 hivi, ya 65 hukaribia 20. Mjukuu wangu mwenyewe ana kilo ngapi?

Sasa tuje kwenye inchi, maana najua huko ndiko moyo wako uliko. Inchi hupimwa kutoka pembe ya juu hadi pembe ya chini ya upande wa pili, kwa hiyo usidhani ni upana. Ya 43 ina upana wa sentimita 95 hivi, ya 55 ni 122, na hiyo unayoitaka ni 144. Meza yenu ina urefu gani? Nyingi za hizi miguu yake iko karibu na ncha mbili, si katikati. Meza ikiwa fupi, utaona watu wanaweka ubao juu ya meza, na televisheni juu ya ubao. Nimeshaona hayo na nisingependa kuyaona kwako.

Halafu pima kutoka kochi hadi ukutani. Kwa skrini ya 4K, ile yenye picha kali nitakayokueleza mbele, umbali mzuri ni kama mara moja na nusu ya ule mshazari. Kwa ya 43 ni mita 1.6, kwa ya 55 ni mita 2.1, kwa ya 65 ni mita 2.5. Sebule yenu nimeshakaa. Ukinyoosha miguu unagusa meza. Chukua 50, au 55 kama umeshindwa kabisa kujizuia. Fedha inayobaki si ya kununua spika. Ni ya breketi, kile chuma cha kuifungia ukutani, na fundi.

Umekuwa hivi tangu zamani, kitu ukikipenda unakipenda chote kwa siku moja. Ni tabia iliyokufikisha hapo ulipo kazini, na siku uliyotuambia wamekupa idara nzima uisimamie baba yako alitoka nje akajifanya anaangalia bomba. Lakini tabia hiyo hiyo ndiyo iliyoleta kochi ambalo halikupita mlangoni.

Dukani utaambiwa mengi. Mimi nimesimama nyuma ya kaunta ya vifaa vya umeme miaka ambayo wewe ulikuwa shule, maneno yao nayajua yanakoanzia, na mengine yalipitia kinywani mwangu. Kuna watu wamehifadhi kabatini miwani ya televisheni za 3D, na risiti zina mwandiko wangu. Kufikia mwaka 2017 LG na Sony, waliokuwa wamebaki, nao wakaziacha. Kwa hiyo ukiambiwa kitu ni cha kisasa, uliza kitatumika na nini.

Watakwambia LED, QLED, OLED, kana kwamba ni ndugu watatu waliozaliwa kwa mpangilio. LED ni kioo cha LCD chenye taa ndogo nyuma yake. QLED ni kioo hicho hicho cha LCD, ila kimeongezewa tabaka la chembe ndogo sana zinazokoleza rangi. OLED ndiyo tofauti kweli: kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, inatoa mwanga wake na inaweza kuzima kabisa, ndiyo maana weusi wake ni weusi hasa. Lakini bei yake iko mbali na mfuko wako, na nembo ya kituo cha habari ikikaa pembeni ya skrini kila siku inaweza kuacha alama isiyotoka. Kwa nyumba ambayo baba wa nyumba anaacha taarifa ya habari ikijisemea yenyewe, hapana. Nunua LED nzuri ukae.

4K ni pikseli 3840 kwa 2160, milioni nane na zaidi, mara nne ya ile ya 1920 kwa 1080. Kwa ukubwa huo utaipata hata kwa bei ya chini, kwa hiyo ichukue. Ila uliza picha zinatoka wapi. Matangazo ya king'amuzi yakiwa ya kiwango cha chini, skrini kubwa inakuonyesha ubovu wake vizuri zaidi. Na kama mnategemea intaneti, Netflix wenyewe wanashauri kasi ya megabiti 15 kwa sekunde kwa 4K, wakati 5 zinatosha kwa 1080. Saa moja ya 4K inaweza kula hadi gigabaiti 7. Usije ukanipigia tarehe ishirini unaniambia bando limekwisha.

Neno HDR, yaani picha yenye tofauti kubwa ya mwanga na giza, likiwa kwenye boksi halina uzito peke yake. Televisheni ya bei nafuu inaweza kuupokea mkondo huo wa picha na isiwe na mwangaza wa kuuonyesha. Vilevile ukiona imeandikwa 240, uliza kiwango halisi cha kioo ni hezi ngapi, yaani picha inabadilishwa mara ngapi kwa sekunde. Nyingi za bei hiyo ni 60, na kwa mpira na tamthilia 60 zinatosha. 120 ni za vijana wa michezo ya kompyuta. Na wewe si kijana, una mtoto.

Hili lisikupite: ile inayong'aa kuliko zote ukutani dukani imewekwa kwenye hali ya dukani. Mwanga juu kabisa, rangi zimekolezwa mpaka nyuso za watu zimekuwa nyekundu. Mwombe muuzaji aiweke hali ya nyumbani, au ile ya sinema, mbele yako. Kisha usisimame katikati tu. Nenda pembeni, kaa kama atakavyokaa mkamwana wangu pale kwenye kiti cha dirishani. Kuna vioo ambavyo ukivitazama kwa pembeni rangi zinafifia kabisa, na yeye hatasema kitu, atavumilia, namjua. Mkiifikisha nyumbani itakuuliza iko dukani au nyumbani. Jibu nyumbani, maana ile hali nyingine inakula umeme bure.

Upande wa intaneti sitakaa sana. Mifumo inayoendesha televisheni hizi, Google TV, Tizen ya Samsung, webOS ya LG, VIDAA ya Hisense, zote zitakufungulia unachotaka. Tatizo ni miaka. Programu huwa nzito kila mwaka na televisheni inabaki na kumbukumbu ile ile ndogo. Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya televisheni za Samsung za mwaka 2010 na 2011, na vioo vyake vilikuwa vizima. Kwa hiyo usilipie ziada kwa sababu ya ujanja wake. Siku ikichoka utachomeka kile kifimbo cha kuleta intaneti kwenye tundu la HDMI, lile la waya wa picha na sauti, na maisha yataendelea. Hesabu tundu za HDMI: tatu ndizo nzuri, na moja iwe imeandikwa ARC, ndiyo inayotoa sauti kwenda nje, siku ukitaka kuongeza spika. Ukiiwasha mara ya kwanza itakuuliza kama unakubali ifuatilie mnachotazama. Soma kabla ya kubonyeza. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ililipa dola milioni 2.2 huko Marekani kwa sababu ya kukusanya habari za watazamaji bila ridhaa yao. Usibonyeze tu kukubali, kama unavyofanya kwenye simu.

Narudi ukutani.

Mgongoni mwa televisheni kuna matundu manne. Umbali kati yake huandikwa kwa milimita, mfano 200 kwa 200, na kipimo hicho huitwa VESA. Nunua breketi inayolingana na vipimo hivyo na inayobeba uzito huo na kupita. Ile iliyotulia, isiyo na mkono wa kuzungusha, ni rahisi zaidi na inauelemea ukuta kidogo. Hiyo ya mkono inapendeza kwenye picha, lakini ukiuvuta mbele, uzito unazidi kung'ang'ania skrubu za juu. Huna sababu ya kuizungusha, sebule ina kochi moja.

Skrubu za mgongoni ziwe za urefu ulioandikwa kwenye kitabu. Ndefu mno zinaingia ndani na kuharibu, na dhamana haitakutazama usoni. Ukuta ukiwa wa matofali au zege, fundi atoboe kwa drili, apige fisha, kile kiplastiki cha kushikia skrubu, ndipo afunge. Ukiwa ni wa ubao mwepesi wenye uwazi ndani, atafute nguzo iliyo ndani yake, asifunge hewani. Wala asitoboe juu au chini ya soketi kwa mstari ulionyooka, nyaya zinapita humo. Katikati ya skrini ije usawa wa macho yako ukiwa umekaa, au juu yake kidogo. Usiipandishe karibu na dari eti mtoto asiifikie, mtaumwa shingo wote. Ikishafungwa ukutani hataiangusha, atakachofanya ni kuipaka mikono tu.

Na kama mwenye nyumba hataki kutobolewa ukuta, mweleze ni tundu chache na utaziziba ukihama. Akikataa kabisa, kuna mikanda ya kuzuia kuanguka. Upande mmoja unafungwa kwenye matundu yale ya mgongoni, upande wa pili kwenye kitu kisichosogea, na meza yenyewe nayo ifungwe. Meza iwe ya chini na pana. Rimoti na midoli isikae juu yake, hicho ndicho kinachompandisha mtoto. Waya zisining'inie. Nimeuona mmoja kwenye video, upande wa kushoto, unafika usawa wa kifua chake.

Sasa niambie, hii ya zamani mnaipeleka wapi? Usiseme chumbani juu ya kabati la droo. Ndivyo wanavyofanya watu: mpya inafungwa vizuri sebuleni, ya zamani inapandishwa juu ya droo, na droo kwa mtoto ni ngazi. Ileteni huku. Baba yako amehamia chumba cha nyuma kwa ajili ya kile kikohozi chake, na anasikiliza redio usiku mpaka mimi nisiyekohoa ndiye nisiyelala. Nimeshazungumza na fundi, atakuja kuifunga siku mtakayosema.

Najua mkamwana wangu ataona ninamwingilia nyumba yake. Mwambie simsemi yeye. Mtoto anapoanza kusimama kila mtu anapiga makofi, hata mimi nilipiga. Wewe ulianza kusimama kwa kushika kile kiti cha chuma, na wakati huo nilikuwa na zamu mpaka jioni, kwa hiyo hayo mengine waulize waliokuwepo.

Ofa ikipita, ipite, itakuja nyingine. Usilipe kwa mafungu ili uongeze inchi kumi. Ukilipa, angalia risiti imeandikwa namba ya modeli kamili, kwa sababu majina ya hizi hutofautiana kwa herufi moja na kumbe kioo ni kingine. Boksi usilitupe mpaka muda wa kurudisha upite. Iwashe siku hiyo hiyo, weka picha nyeupe tupu kisha nyeusi, uone kama kuna nukta iliyokufa. Na kabla hujaiwasha, iwe imeshafungwa. Isikae hata usiku mmoja imeegemezwa ukutani ikisubiri fundi.

Mengine ni ya nyumbani tu. Bawaba ya mlango wa nyuma imekatika, mdogo wako anasema ataitengeneza, na mimi nasubiri. Vitabu vyako bado viko chini ya kitanda na mchwa wameanza kuulizia, njoo uchague vya kuchukua. Mdogo wako matokeo yake ni mazuri, ila hataki niseme kwa watu, kwa hiyo ukimpigia jifanye hujui. Na mkamwana wangu anitumie tena urefu wa dirisha la chumbani. Kitambaa cha pazia nimeshakipata, lakini kile kipimo cha kwanza nadhani alipima kioo bila fremu, na sitaki kukata mara mbili.

Ni mimi,
Mama yako