Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Makava Yetu Mwaka Huu

Ndugu wanachama, habari zenu. Naanza na lile baya maana wengi mmeniuliza. Masika yaliyopita maji yaliingia kwenye chumba chetu tukapoteza makava 14 ya santuri, sahani zenyewe tulizisuuza zikapona ila makava ndo basi tena, karatasi ya juu ilibanduka na ukungu ukaota mpaka ndani. Niliumia sana. Sasa hivi kila elpii, yaani santuri kubwa ya nyimbo nyingi, inasimamishwa wima, hakuna kulaza, shelfu tumeinyanyua kwa matofali, na ile mifuko ya plastiki laini tumeachana nayo kwasababu joto la Dar linaifanya inate kwenye picha na ukiivuta inaondoka na rangi.

Zuri la mwaka ni safari ya Nairobi. Mnajua enzi zile Tanzania hatukuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, nyimbo za bendi zetu zilienda kufyatuliwa kule, tena nyingi zilitoka kama singo, sahani ya inchi 7 ndani ya bahasha ya karatasi yenye tundu katikati, picha hakuna. Ndo maana elpii ya huku yenye picha ya bendi ni ya kutafuta kwa tochi. Kenyatta Market tuliipata moja, vijana wamesimama na suruali zao za bugaluu, mpiga saksafoni kafumba macho, na nyuma mwenye santuri wa zamani kaandika kwa biki jina lake na "usiazime bila ruhusa". Kuna mwenzetu alitaka kuyafuta maandishi kwa spiriti, nikakataa na nitaendelea kukataa, yule mtu aliipenda santuri yake na hiyo ni sehemu ya kava.

Kikao kilichojaza watu ni kile cha kazi za mchoraji Lemi Ghariokwu wa Lagos, aliyemchorea mwanamuziki wa Nigeria Fela Kuti makava 26 kuanzia 1974. Tulikaa na kava moja karibu saa nzima, kila kona ina mtu anafanya jambo lake, ni kama unasoma gazeti.

Hesabu atasoma mweka hazina. Ombi langu, msikate makava mkayatia fremu, na lisilo na sahani lileteni hivyo hivyo tunalipokea. Na dada aliyeahidi boksi la makava ya marehemu baba yake, tafadhali usiyalaze kwenye buti la gari, nipigie nije nayashika mwenyewe.