Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ulezi wa Kitaaluma

Ndugu wanachama, kamwene!

Mambo ya fedha atayasoma Mhazini. Wadaiwa wa ada wanajijua. Mimi nitazungumzia ulezi wa wanafunzi na wahadhiri chipukizi katika vyuo vyetu vya hapa Iringa, maana ndiyo hoja iliyotugawa mwaka mzima: walezi wapangwe kwa orodha, au kila mtu ajitafutie wake?

Mwanzoni mwa muhula tulibandika orodha ubaoni: kila mlezi na wale aliopangiwa kuwalea. Muhula ulipoisha zikaletwa fomu za ripoti. Nyingi zilikuwa na tarehe mbalimbali za vikao, ila wino mmoja na sahihi zilizopigwa kwa mkupuo. Katibu alicheka. Mimi nilishindwa.

Ulezi wenyewe ulikuwa kantini, kwenye chai na chapati. Huko ndiko mkufunzi msaidizi alikoambiwa kwamba GPA, yaani wastani wa alama za shahada, ya 3.8 iliyomwingiza kazini haitampandisha kuwa mhadhiri msaidizi asipofikisha 4.0 kwenye uzamili. Huko ndiko mwenye sapu mbili, yaani mitihani ya marudio, alikofutwa machozi na kupewa mitihani ya miaka iliyopita. Kathy Kram, mtafiti wa Marekani, aliandika mwaka 1985 kwamba mlezi ana kazi mbili: kumsogeza mtu kikazi, na kumtia moyo akubalike na ajiamini. Fomu zetu ziliuliza ya kwanza tu.

Wapo wanaotaka orodha ifutwe kabisa. Hapo sikubaliani nao. Kantini hukaa aliyezoea kukaa: mtoto wa mwalimu, kijana mchangamfu, anayeongea kilugha kimoja na mhadhiri. Binti aliyetoka Makete, huko Njombe, mkopo wa Bodi ya Mikopo haujaingia, hiyo chai ataipata wapi? Na akiitwa ofisini jioni, ana kila haki ya kusita. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haikuitaja bure rushwa ya ngono. Jina lake likiwa ubaoni, anabisha hodi mchana kweupe bila kujipendekeza kwa mtu.

Kwa hiyo Kamati ya Utendaji imeamua orodha ibaki. Baada ya muhula mmoja mwanafunzi ataruhusiwa kuhamia kwa mlezi mwingine, na asiulizwe sababu. Fomu ya ripoti tumeifuta. Vikao vyote vifanyike mlango ukiwa wazi. Baridi ya Julai mnaijua, njooni na makoti. Chai italipiwa na chama, na kiwango chake tutakijadili leo baada ya taarifa ya Mhazini.