Santuri yako sijaipata, ila soma kwanza

Mama Nasra shoga yangu,

Assalaam aleikum. Mamdogo hajambo alhamdulillah, goti limeshafanyiwa, sahivi wanamtembeza koridoni na kile chuma cha kushikilia huku anawasema manesi kwa Kiswahili na wao wanamjibu Kihindi na ajabu ni kwamba wanaelewana. Hayo ya hospitali tuishie hapo maana najua unachosubiri wewe sio goti.

Santuri ya Siti sijaipata. Nakwambia mapema usije ukasoma barua nzima na roho juu halafu mwisho ukanuna. Pesa yako ipo, nimeitumia kidogo tu na hesabu nakupa huko mbele, usiruke mistari nakujua.

Af wewe ndo ulonitia huu wazimu. Unakumbuka ile siku ya arusi ya kina Nasra tumekaa nyuma pale tunamenya viazi, ukaanza kunieleza eti Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, mwaka 1928 kampuni ya santuri ya HMV waliwapandisha meli yeye na wapigaji wake mpaka Bombay kwenda kurekodi kwa Kiswahili, na ukasema basi kama zilirekodiwa kule lazima zingine zimebaki kule. Mimi nikaona una akili kweli. Nilipopata hii safari ya kumsindikiza mamdogo hospitali huku Bombay kitu cha kwanza kichwani ni Siti, hata viza ilikuwa haijatoka.

Basi Ijumaa ya kwanza mamdogo yuko kwenye vipimo wameniambia nirudi saa nane mchana, nikatoka nikachukua teksi nikamwambia dereva Chor Bazaar, akanitazama kwenye kioo akacheka. Chor ni mwizi, yani nimepanda teksi naomba nipelekwe soko la wezi asubuhi asubuhi mwanamke na mkoba wangu. Wenyewe wanasema zamani jina lilikuwa Shor, soko la makelele, Waingereza ulimi ukawagomea wakaligeuza Chor. Na wana utani wao kwamba ukiibiwa kitu mjini usihangaike na polisi, nenda Chor Bazaar ukakinunue tena.

Kumbe nimekosea siku. Maduka yenyewe ya vitu vya kale yako mtaa mmoja unaitwa Mutton Street na Ijumaa yanafungwa, watu wa mle wengi ni Waislamu. Ijumaa ni siku ya soko la barabarani, wanamwaga vitu chini toka alfajiri, na mimi nimefika saa tatu na nusu watu wanaanza kufunga maturubai. Nikapita pita tu. Ni kama soko la Karume shoga ila hamna hata meza, kiatu mguu mmoja, rimoti ishirini bila TV hata moja, na kuna mzee alikuwa anauza meno ya bandia, naapa, kayapanga juu ya gazeti kubwa na dogo. Nani ananunua meno ya mtu mwingine mimi sijui. Nikanunua chai nikarudi, chai yenyewe wanakupa nusu glasi tu, ukipiga mafunda mawili imeisha.

Lakini ule mtaa nimeupenda. Ukitoka hapo unaingia Bhendi Bazaar kwa Mabohora, wamama na zile rida zao za rangi rangi, baba na kofia nyeupe yenye mzunguko wa dhahabu, wallahi kwa dakika nzima nlidhani niko Kisutu naenda kununua bajia. Na maneno! Duka dukaan, gari gaadi, pesa paisa, rangi rang, laki ni lakh, achari achar. Nilikuwa naongea Kiingereza changu kibovu, nikikwama naweka neno la Kiswahili na mara nyingi linapita.

Jumatatu nikarudi. Sasa hapa ndo pa kukusimulia vizuri.

Mutton Street ni nyembamba, ukinyoosha mikono unakaribia kugusa duka na duka, na kila duka limejazwa mpaka juu, taa za meli, saa za ukutani, mabango ya filamu za zamani za Kihindi, viti, vioo, simu za kuzungusha. Na nje ya kila duka kuna gramafoni imeng'arishwa ile tarumbeta yake ya shaba mpaka unajiona sura. Nikasema Mungu mkubwa, nimefika. Kijana mmoja akaniita sista sista, original, British time, HMV, akanionyesha kibati cha mbwa anasikiliza tarumbeta. Akaizungusha mkono ikalia kweli. Rupia elfu tisa, sawa na laki mbili na kitu zetu. Shoga moyo ulishuka mpaka tumboni, nikaanza kukuona wewe nyumbani kwako umekaa nayo sebuleni.

Kilichoniokoa ni kule kuringa kwangu. Nikamwambia ngoja nitazame mengine nitarudi. Duka la pili gramafoni ile ile. La tatu ile ile, sanduku la pembe nane, tarumbeta ile ile ya shaba, maua yale yale. Jamani Waingereza walikuwa hawana kingine cha kutengeneza? La nne kuna baba mtu mzima hana haraka, nikamuuliza hivi hizi zote ni za zamani, akacheka akaigeuza moja chini juu akanionyesha. Mbao mpya imepakwa rangi ya chai ionekane kuukuu. Kibati cha mbwa kimepigiliwa na misumari inayong'aa. Tarumbeta ni bati jembamba la shaba ukilibonyeza na dole gumba linabonyea, akasema tarumbeta za kweli nyingi zilikuwa za chuma kilichopakwa rangi au mbao, sio hivi vitu vya kung'aa kama sinia la biriani. Kitu cha zamani mle ndani ni mashine tu, wanaing'oa kwenye gramafoni ndogo za mkobani zilizokufa wanaifunga kwenye sanduku jipya. Na watalii wanabeba kila siku. Mwenyewe pia anaziuza, hakuficha, akasema mzungu anataka ile inayong'aa, ukimwonyesha ya kweli anasema chafu.

Nikampenda hapo hapo. Nikamsalimia upya kwa heshima, nikamwambia chacha, maana ndivyo wanavyowaita baba wadogo huku, natafuta santuri, sio gramafoni. Akaniingiza ndani.

Mama Nasra zile santuri sijui nikwambieje. Zimesimamishwa kama sahani kabatini, ukuta mzima, zingine zina kava la karatasi zingine uchi, vumbi kila ukigusa. Unajua zile za zamani sio plastiki, ni ile lakiri inayotolewa na wadudu, nzito af ukiiangusha inavunjika kama kigae, ndo maana ile ya bibi yako, Nasra alipoikalia, ilikuwa hamna gundi ya kuiponya. Kila upande dakika tatu hivi tu, na sindano unabadilisha kila wimbo. Nikaanza kuzisoma lebo moja moja nimechuchumaa. Saigal, Lata, hao waimbaji wao wa filamu, kawali, Lata, Saigal, hotuba ya nani sijui, Lata. Natafuta neno Swahili, natafuta Zanzibar, natafuta chochote. Saa nzima na nusu. Vidole vyeusi, pua imeziba, na magoti yangu nikafikiria mamdogo atapata mwenzie wodini.

Chacha akaniuliza we unatafuta nani hasa. Nikamwambia Siti. Akasema aaah Siddi! Uso ukamng'aa akamtuma kijana mbio duka la jirani. Nikasema leo leo. Kijana akarudi na kanda ya kaseti, ngoma zinapigwa. Kumbe kuna watu Gujarat wanaitwa Siddi, asili yao ni Afrika, wako huko karne na karne, na ngoma yao mpaka leo wanaiita goma. Goma, shoga! Chacha alikuwa ananitazama muda wote anadhani mimi ni Siddi wa Gujarat nimekuja kutafuta nyimbo za kwetu. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Ile kaseti ningeinunua ila hamna aliyebaki na redio ya kaseti ukoo mzima.

Basi nikamweleza taratibu, hapana chacha, ni mwanamke, wa Zanzibar, aliimba Kiswahili, HMV, Bombay, 1928. Akasikiliza mpaka mwisho, akamimina chai kwenye kisosi akapuliza, akaniambia hivi, nakutafsiria: binti, hizo zilitengenezwa ziuzwe kwenu. Zikapakiwa zikaja kwenu. Hapa nani angenunua wimbo asiouelewa? Umevuka bahari kuja kutafuta mzigo ambao bahari imeshauleta kwenu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi na wewe na viazi vyetu, hamna hata mmoja aliyefikiria hilo.

Nikaona niondoke na kitu basi nisirudi mikono mitupu. Mezani kwake kuna kopo la biskuti limejaa sarafu, nikalimwaga. Nyingi ni za Maskati, nimezijua maana zimeandikwa na Kiarabu na Kiingereza, zingine za Malkia Victoria. Chacha mwenyewe akanitahadharisha kuna zenye picha za miungu na jina la Kampuni ya East India, ile ya Waingereza waliotawala India zamani, hizo zote za juzi, sio Kampuni iliyozipiga, wanauziwa wanaoamini kuna pesa ya uchawi inayovuta mchele na kuleta utajiri. Nikasema kwetu pia wapo, wanachimba mpaka chini ya misikiti wakitafuta mali ya Mjerumani.

Sasa chini kabisa nikakuta moja ya shaba nyeusi imelika, upande mmoja flati kabisa hamna kitu, upande wa pili mizani. Mizani ile ya sinia mbili! Mama Nasra mikono ilitetemeka. Unajua pesa ya Seyyid Barghash, yule Sultani wa Unguja, ina mizani na mwaka 1299 wa Kiislamu, yani 1882. Chini ya mizani nikaona kwa Kiarabu moja, mbili, kitu kimelika, tisa. Nikakaza uso kama sina habari, nikasema hii chacha kiasi gani, akasema mia mbili hamsini, nikasema mia, tukamaliza mia na hamsini. Rupia zako hizo, ndo matumizi ninayokuambia. Nimetoka mle natembea kama nimeiba, kwenye soko la wezi.

Usiku hotelini nikafanya dhambi. Najua sarafu ya zamani haisafishwi, wewe mwenyewe umenigombeza mara ngapi. Nikaisugua na limau. Nikawasha tochi ya simu nikainamisha hivi, na kile kitu kilicholika kikajitokeza: sio tisa, ni nne. Unaijua nne yao ile kama tatu yetu imegeukia upande wa pili. 1249. Na ule upande niliosema flati, kumbe kwa mbali kuna simba wawili wa nembo ya Kampuni. Ni robo ana, pesa ndogo ya Kampuni ya huku Bombay, 1833. Na wao walikuwa na mizani kwenye pesa zao! Barghash hata kuzaliwa hakuzaliwa.

Nililala na hasira mpaka asubuhi. Halafu nikiwa nasubiri lifti na supu ya mamdogo nikawaza, kabla ya Barghash kupiga pesa zake Unguja walikuwa wanatumia hizi hizi za kutoka India, na neno lenyewe la pesa si ndo hilo. Kwa hiyo mimi hii siirudishi kwa chacha. Ni yako ukiitaka, ila ina alama ya limau upande mmoja, usiseme sikukuambia. Na kutoka nayo haina shida, wana sheria ya mwaka 1972, kitu kilichopita miaka 100 hakivuki mpaka bila ruhusa... nimeandika hiyo sentensi ndo nimejishtukia. 1833 hiyo imepita 100 zamani sana. Basi naona kesho naenda kwa chacha tena kuuliza na ikibidi namwachia, we chukua picha nitakayokutumia wasapu. Siti wa 1928 angekuwa anapita vizuri tu, ndo ujue bahati yangu.

Pesa yako iliyobaki nitakuletea keshi, usinitumie kanga wala bangili, begi limejaa dawa za mamdogo.

Af nina kazi nataka uifanye kabla sijarudi. Nenda Tanga kwa bibi yako. Lile sanduku la bati la kijani chini ya kitanda, lile tuliloambiwa tusilifungue kwa sababu lina vyeti vya babu, mwombe kwa upole alifungue. Tulivyolivuta siku ile ya kufagia lilikuwa zito mno kuwa la karatasi, na ulisema mwenyewe ile santuri iliyovunjika ilikuwa na wenzake. Usiende na Nasra.

Mamdogo anakusalimia, anasema umletee ubuyu uwanja wa ndege.

Shoga yako,
Mama Twaha