Shoga, ng'ambo yenyewe ndiyo hii Mbeya

Uyole, Mbeya
Jumapili jioni

Shoga yangu wa Kisauni,

Waraka huu ukufikie ukiwa mzima wa afya. Mimi pia ni mzima, ila zile hofu na mashaka ambazo kwenye barua hupelekewa aliye mbali, safari hii zirudishe kwangu, maana baridi ya huku si ya mchezo. Nakuandikia nimevaa soksi juu ya soksi, leso nimejitanda, na juu ya leso blanketi la mama mwenye nyumba. Ile baridi ya Wundanyi tuliyokuwa tukiilalamikia kwa nyanya ni cha mtoto. Hapa tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na Juni ndio kipupwe chenyewe. Usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10, asubuhi ukifungua mdomo unatoka mvuke, na kule mabondeni kuna siku majani ya viazi yanaamkia sakitu, ule umande ulioganda.

Uliniuliza kwa kejeli, "Na Tanzania nayo ni ng'ambo?" Najua wenzetu wa darasani wameenda mafunzo ya kilimo Israel, wengine Denmark, wanatuma picha za mabanda ya vioo. Mimi nimepanda basi. Lakini pasipoti yangu imegongwa muhuri mpakani Horohoro kama zao zilivyogongwa uwanja wa ndege, kadi ya homa ya manjano nimetakiwa niionyeshe, na elfu yangu moja ya Kenya imegeuka karibu elfu ishirini, nikajiona tajiri mpaka nilipoulizia bei ya koti.

Safari sitaisimulia yote. Kutoka Dar ni kutwa nzima garini. Barabara inapita ndani ya mbuga ya Mikumi, twiga wanakutazama kama wewe ndiye uliyewekwa kizimbani. Ruaha Mbuyuni wanauza vitunguu hadi mlangoni mwa basi, halafu ndio unaanza ule mlima wa Kitonga. Shoga, kona zake! Malori ya Zambia na Kongo yanapanda kwa mwendo wa konokono na dereva wetu hana subira. Nilisoma dua zote ninazozijua. Kufika Mafinga, abiria wenye akili wakaanza kutoa masweta mikobani. Nikirudi nataka nipande treni ya TAZARA hadi Dar. Stesheni yake iko hapa mjini, na reli nzima ni kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Haina Kitonga, hilo tu linanitosha.

Sasa kazi. Niko kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, pale njia ya Tukuyu na Malawi inapoiacha barabara kuu. Tuko wanafunzi wa fildi kadhaa, wengine wametoka Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Jumatatu ilikuwa fomu, utambulisho na kutembezwa, hayo nayaruka. Jumanne tukawekwa kwenye maharage, kuchambua mbegu mkekani pamoja na kina mama ambao mikono yao inakwenda bila macho kutazama. Njano Uyole na Uyole 96, yale majina ya aina tuliyoyakariri kwa ajili ya mtihani, hapa ni maharage ya kweli na yana wenyewe. Mama mmoja aliniambia aina fulani inapendwa sana na watafiti, lakini haiivi upesi, na mkaa ni pesa. Hilo kwenye madaftari yetu halimo.

Jumatano ndiyo iliyonifurahisha. Tulipelekwa kwenye banda la mbegu za viazi. Kuta zake hazizibi, ni vichanja juu ya vichanja, mwanga unapenya lakini jua haligongi. Mbegu ikikaa gizani hutoa machipukizi marefu meupe, ukiyagusa yanakatika. Ikikaa kwenye mwanga hafifu hutoa mafupi, manene, yenye rangi, na hayo ndiyo yanayostahimili kupandwa. Nikamkumbuka nyanya na magunia yake chini ya kitanda! Nitamwambia, ingawa najua atakavyonijibu.

Kisha msimamizi wetu akaleta mmea ulionyauka na glasi ya maji. Akakata kipande cha shina karibu na udongo, akakining'iniza ndani ya maji, akatukataza kutikisa meza. Mmea ukiwa na kiu tu, maji yanabaki safi vilevile. Ukiwa na mnyauko wa bakteria, baada ya dakika chache unauona uzi mweupe unashuka kutoka kwenye shina, mzito kama tui la kwanza. Wetu ulishuka. Hakuna dawa ya kupulizia ugonjwa huo. Mmea unang'olewa, na lile shamba linapandwa nafaka misimu kadhaa kabla ya viazi kurudi. Ndiyo maabara nzima hiyo, shoga: glasi na kisu, mkulima yeyote anaweza.

Lakini kisa hasa cha kukuandikia ni cha Alhamisi. Tulipanda hadi Isyonje, njia ya Tukuyu, kutazama vitalu vya majaribio, na shamba la jirani lilikuwa likivunwa. Lori limeshaegeshwa. Gunia linajazwa hadi mdomoni, na badala ya kushonwa, linaongezewa kipande cha gunia jingine, viazi vinapangwa kimoja kimoja, kamba zinasukwa juu yake mpaka gunia linavaa kilemba. Huku gunia kama hilo linaitwa lumbesa. Wewe na mimi tunamjua ndugu yake wa Kenya, mukorino.

Sheria ya vipimo ya Tanzania hairuhusu gunia la mazao lizidi kilo 100. Kwetu kanuni za viazi za mwaka 2019 zimeshusha hadi 50. Sasa sikiliza. Sisi tulikuwa na mzani wa kuning'iniza, wa kupimia mavuno ya vitalu. Mwenzetu mmoja wa Sokoine akaomba tupime gunia moja tu, kwa kujifunza. Wapakiaji wakacheka, dalali hakucheka. Wanaume wakavuta kamba, mshale ukapanda, ukafika 100 ambao ndio mwisho wa mzani, ukagota hapo. Na gunia bado linagusa chini!

Bei iliyokuwa imekubaliwa ni ya gunia. Kile kilemba ni cha bure.

Nikamwamkia mama mwenye shamba, nikamuuliza kwa nini hawauzi kwa kilo. Akaniambia, "Mwanangu, mzani upo kijijini. Mwenye gari ndiye hataki kuuona. Nikimkatalia mimi anakwenda kwa jirani, na viazi vyangu ndio hivyo vimeshachimbwa." Na ni kweli, kiazi kikishatoka ardhini hakina subira. Kikipigwa jua kinageuka kijani na kuwa kichungu, kikirundikwa na unyevu kinaoza. Dalali anajua hilo kuliko profesa wetu.

Tangu hapo sijatulia. Sisi tunafundishwa magunia kwa ekari, magunia kwa ekari, kana kwamba gunia ni kipimo! Mbegu bora inaongeza mavuno, halafu ongezeko linapanda lori bila kulipiwa. Nilimwambia hivyo msimamizi tukiwa garini. Hakukubaliana nami, na nampenda kwa sababu alinibishia badala ya kuninyamazisha. Kwake yeye kumlaani dalali ni rahisi. Dalali naye anakamuliwa mjini, na mkulima mwenye banda la kuhifadhia, aliyejiunga na wenzake wakauza pamoja, anaweza kumwambia mwenye gari asubiri. Nusu ya hayo nimeyameza. Nusu nyingine naona ni maneno ya mtu anayelipwa mshahara kila mwezi. Yule mama ada ya shule haimsubiri ajenge banda.

Naandika sana kuhusu viazi, nisamehe. Chakula utauliza. Mchele wa Kyela unanukia hadi uani, lakini wanaupika bila nazi, nazi hapa ni ya kutafutwa. Nimezoea kande, yale mahindi na maharage, na parachichi ni tele, jirani anawapa hata watoto wa njiani. Chai ni ya Rungwe, inapikwa na tangawizi nyingi, jioni tunainywa tukizunguka jiko la mkaa. Mama mwenye nyumba ni Mnyakyusa, ananiita "mgeni wetu wa baharini", na kila asubuhi ananisalimia "ugonile" akisubiri nijibu sawasawa ndipo anipe maji ya moto ya kuoga. Kwa baridi hii lugha itaniingia tu.

Kama kweli unataka kuomba nafasi mwakani, anza pasipoti sasa, usingoje barua ya kukubaliwa. Chanjo vilevile. Masweta usinunue Mombasa, huko hatujui sweta ni nini. Koti nililovaa ni la mtumba, nimelipata Mwanjelwa baada ya kubishana bei hadi muuzaji akaniuliza kama mimi ni Mpemba. Na uje na viatu vya shambani. Raba zako nyeupe udongo wa huku utazimaliza.

Wiki ijayo tunateremka Tukuyu kwenye ndizi na chai. Kabla ya hapo nifanyie jambo moja. Ukienda Kongowea, pita kwa wale wauza viazi wa jumla, ulizia gunia linauzwaje wiki hii. Wakikutajia bei, usiondoke. Waulize ni kilo ngapi, na kama kuna mzani karibu, waombe wapime mbele yako. Niandikie kila wanachokwambia, hata matusi. Nataka kumwonyesha msimamizi.

Nisalimie nyumbani kwenu wote, na mama mwambie ninakula.

Ni mimi shoga yako