Plas Mawr imeshikwa na chokaa

Mhariri,

Kila nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar zinapotajwa kwa uchakavu wake, hazikosi kusikika kauli hii: Ulaya kuna majumba ya miaka mia nne kwa sababu wenzetu wanajenga kwa saruji, basi na sisi tuzipige zetu lipu ya saruji zidumu. Kauli hiyo inaziua nyumba. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tueleze jumba moja la Wales, maana nyumba hiyo pekee inatosha kuijibu.

Jumba hilo ni Plas Mawr, ndani ya mji wa Conwy, kaskazini mwa Wales. Kwa Kiwelisi jina hilo lina maana ya jumba kubwa. Robert Wynn alilijenga kati ya mwaka 1576 na 1585. Saruji ya Portland, yaani saruji ya kawaida ya leo, ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824, kwa jina la Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds. Wakati huo Plas Mawr ilikwisha kula karibu miaka 240 ya mvua, baridi na upepo wa bahari, na kilichoyashika mawe yake ni chokaa na mchanga.

Wynn alikuwa mtoto wa tatu wa kiume katika ukoo wa Gwydir, watu wenye ardhi yao. Kwa kuwa mali kubwa ilikwenda kwa mkubwa, alitafuta riziki katika utumishi wa Sir Philip Hoby, balozi wa Uingereza, na huko ndiko alikoyaona majumba ya bara la Ulaya. Mwaka 1570 alinunua nyumba Conwy kwa pauni 200, kisha akaanza kujenga kwa awamu: upande wa kaskazini 1576 hadi 1577, sehemu ya kati na ya kusini 1580, na jengo la lango mwaka 1585. Jumla ilifika kama pauni 800. Mahali penyewe pana uzito wake. Kuta na ngome ya Conwy zilijengwa na Mfalme Edward I kuanzia 1283 hadi 1287 ili awatawale Wawelisi, na mji ukawekwa kwa ajili ya walowezi wa Kiingereza. Karne tatu baadaye Mwelisi akajenga ndani ya kuta hizohizo, akabandika ukutani nembo ya tai ya wafalme wa kale wa Gwynedd, ufalme wa kaskazini mwa Wales, ambao ukoo wake uliwahesabu kuwa wahenga.

Ukipita lango la Stryd Fawr, barabara kuu ya mji, unapanda ngazi hadi ua, mbele yako zimesimama kuta za mawe zilizopigwa lipu ya chokaa nyeupe, na kingo za kuta za paa zimekatwa kama vidato vya ngazi. Chini kuna ukumbi, jiko, stoo za vyakula na chumba cha kupikia bia. Juu ni vyumba vya kulala vya wenyewe na ukumbi mkubwa wa karamu. Watumishi walilala darini, chini kabisa ya paa.

Utajiri wa nyumba hii uko kwenye lipu yake ya ndani. Juu ya meko na kwenye dari kuna nembo, maua, wanyama na sanamu za watu, zote za chokaa. Herufi R.W. zinarudiwa chumba baada ya chumba, pamoja na miaka 1577 na 1580. Katika baadhi ya vyumba rangi zimerudishwa kama zilivyokuwa, kali na za kung'aa.

Namna dari za zama hizo zinavyoshikilia inafaa kila fundi aijue. Chini ya boriti hupigiliwa fito nyembamba za mwaloni, na kati ya fito na fito huachwa upenyo. Lipu ya kwanza huchanganywa na manyoya ya ng'ombe au ya mbuzi ili isikatike, kisha husukumwa kwa mwiko mpaka ipenye na kujikunja juu ya fito kama kidole kilichokunjwa. Vidole hivyo ndivyo vinavyobeba dari nzima. Vikivunjika, kwa maji yanayovuja au kwa kishindo cha mtu anayegonga sakafu ya juu, dari hubaki ikining'inia bila kushikwa na kitu, ingawa ukiitazama kutoka chini unaiona nzima. Fundi wa kweli hutoa mbao za sakafu, akafagia vumbi na kuifunga dari kutoka juu. Anayeanza kwa kugonga nyundo chini ataiangusha.

Chokaa yenyewe haina siri. Mawe ya chokaa huchomwa kwenye tanuri hadi joto la nyuzi 900 hivi. Hewa ya kaboni hutoka, na kilo 100 za jiwe safi hubakia kilo 56. Hapo huzimwa kwa maji, huchemka, kisha huachwa shimoni kwa miezi isiyopungua mitatu hadi iwe laini kama siagi. Lipu ni sehemu moja ya chokaa hiyo kwa tatu za mchanga mkali uliooshwa. Hupigwa tabaka jembamba, milimita kumi hivi, na kila tabaka hufunikwa na kulowanishwa siku kadhaa. Likikaushwa na jua haraka hupasuka na kuwa unga. Huko Wales adui mwingine ni barafu, ndiyo maana kazi ya nje husimama majira ya baridi.

Ukuta wa namna hiyo hunywa mvua kidogo, na kukicha jua au upepo huitoa. Lipu ya saruji ni ngumu kuliko chokaa ya ukuta wa nyuma yake. Ukuta wa zamani ukicheza kidogo, saruji hupasuka ufa wa unene wa unywele, maji huingia humo na hayana pa kutokea. Unyevu hupanda, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu na kulisaga jiwe, na vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani huoza. Hayo ni kweli kwa mwaloni wa Wales, na ni kweli kwa boriti za mikoko na mawe ya matumbawe ya Unguja, ambayo yana matundu mengi zaidi.

Plas Mawr iliponea jambo jingine la ajabu. Wynn alifariki mwaka 1598 na wasia wake ulikuwa mgumu kiasi kwamba kesi ilidumu mahakamani hadi 1630. Hakuna aliyeweza kuibomoa wala kuibadilisha. Kwetu mirathi ya warithi ishirini huiacha nyumba bila wa kuziba tundu la paa, na tundu hilo ndilo humaliza kila kitu. Mwaka 1887 jumba lilikodishwa kwa Royal Cambrian Academy, chama cha wasanii, kilichokaa humo hadi 1993. Ndipo Cadw, idara ya mambo ya kale ya Wales, ikalichukua, ikatumia pauni milioni 3.3 na kulifungua tena mwaka 1997. Kuta za nje zilipigwa chokaa, kama alivyozipiga Wynn.

Tunachoomba ni kitu kidogo. Kibali cha ukarabati wa nyumba ya mawe kisiishie kwenye neno “kupiga lipu”. Kiandike lipu ya nini, uwiano gani na unene gani, na mkaguzi afike kabla tabaka la kwanza halijafunikwa na la pili. Na mwenye nyumba ambaye ukuta wake umeshavikwa saruji asikubali ing'olewe yote kwa siku moja kwa tindo na nyundo nzito, kwani huondoka na uso wa jiwe. Aanze pale inapolia mvungu ikigongwa kwa kidole, hapo imeshaachana na ukuta.

Ni sisi wasomaji wenu,
Mafundi wa chokaa, Unguja