Siku ya mwisho Dubai huanzia uwanja wa ndege

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuseme jambo kuhusu safari za Dubai. Ushauri unaozunguka miongoni mwa wasafiri ni ule ule kila mwaka: siku za mwanzo tembea, manunuzi yaache siku ya mwisho, usije ukahangaika na mizigo. Kwa anayelala Deira, mtaa wa masoko ya kale wa Dubai, na kurudi usiku Dar es Salaam, Mombasa au Entebbe, ushauri huo ndio unaowaweka watu sakafuni mbele ya kaunta, masanduku wazi, wakihamisha viatu na sufuria mbele ya macho ya foleni nzima.

Siku ya mwisho hupangwa kinyumenyume. Ndege ikiondoka saa nne na nusu usiku, uwanjani ufike saa moja na nusu, kwa kuwa kaunta hufungwa saa nzima kabla ya ndege kuruka na kuna foleni nyingine tutakayoieleza hapo chini. Jioni barabara za Deira hujaa, kwa hiyo teksi uipande saa kumi na mbili na nusu. Hapo bado unaona una mchana mzima. Huna. Hoteli inataka chumba chake saa sita mchana, na baada ya hapo sanduku lako linakaa stoo ya mapokezi. Vilevile maduka mengi madogo ya Deira hufunga kuanzia kama saa saba mpaka saa kumi, na Ijumaa asubuhi soko huwa kimya mpaka watu watoke msikitini. Ukitoa yote hayo, kinachobaki ni saa nne za asubuhi na kipande cha jioni. Kwa hiyo kila kizito kiwe kimenunuliwa, kimefungwa na kimepimwa usiku uliotangulia. Siku ya mwisho ni ya vitu vinavyoingia mfukoni.

Kuna kosa linalotangulia hata hilo, nalo ni la tarehe. Tiketi ikiandikwa 00:45 Jumanne, maana yake ni saa sita na dakika 45 usiku wa kuamkia Jumanne, na hotelini unatoka Jumatatu jioni. Wapo wanaojitokeza Jumanne usiku wakati ndege yao imeshatua nyumbani. (Wazee wa pwani, ambao siku yao huanza jua likizama, wasingekosea hapa.) Tena Dubai iko mbele yetu kwa saa moja, simu isiyojirekebisha yenyewe itakudanganya kwa saa hiyo hiyo.

Angalia pia jengo la abiria. Metro ya Mstari Mwekundu inasimama jengo la 1 na la 3, haifiki la 2, ambako ndege nyingi za flydubai huondokea. Kwa metro unaruhusiwa sanduku moja kubwa na moja dogo, na Jumapili treni hazianzi mpaka saa mbili asubuhi. Mwenye masanduku mawili ya kilo 23 apande teksi, asijitafutie mateso kwenye ngazi.

Kuhusu uzito, soma tiketi vizuri. Tiketi nyingine huhesabu jumla ya kilo, nyingine huhesabu vipande. Kwenye vipande viwili vya kilo 23, sanduku la kilo 28 na jingine la 18 ni kosa, japo jumla yake ni 46 ile ile. Mizani ndogo ya kuning'iniza inauzwa kwenye vibanda vya soko la Naif, hapo hapo Deira, kwa pesa kidogo, na ndiyo bidhaa ya kwanza ya kununua ukifika, si ya mwisho. Umbo nalo lina sheria: uwanja wa Dubai unataka mzigo wenye angalau upande mmoja ulio bapa, maana mikanda ya kusafirishia hukwama kwa mizigo ya duara. Robota lililoviringishwa na kukazwa kwa kamba, kama tulivyozoea kwenye mabasi, hurudishwa ukalifunge upya kwenye boksi, kwa gharama yako na kwa muda wako.

Kinachozidi kipeleke kwa mawakala wa kago wa Deira, lakini siku mbili kabla, si asubuhi ya kuondoka. Jua pia kwamba kago ya ndege haipimi kilo peke yake. Hupimwa urefu, upana na kimo kwa sentimita, vikazidishwa na kugawanywa kwa 6,000. Boksi la 60 kwa 50 kwa 40 huhesabiwa kilo 20 hata kama ndani mna mito yenye kilo 6 tu. Mapazia na nguo zinazobonyezwa zikakubali hulipa kupeleka kago. Mito na maua ya plastiki hayalipi. Wengine hugawanya kwa 5,000, na hapo boksi lile lile linakuwa kilo 24. Uliza kabla ya kuacha mzigo.

Sasa ile foleni nyingine. Tangu Januari 2018 Dubai inatoza kodi ya VAT ya asilimia 5, na mgeni hurudishiwa sehemu yake akiondoka. Masharti ni haya: duka liwe limejiunga na mpango huo, manunuzi yafike dirhamu 250, na pasipoti ionyeshwe pale pale wakati wa kulipa ili muuzaji aingize taarifa zako. Ukirudi kesho na risiti mkononi umechelewa. Unarudishiwa asilimia 85 ya kodi, kisha inakatwa dirhamu 4.80 kwa kila muamala. Mkufu wa dirhamu 4,000 kabla ya kodi umelipiwa kodi ya 200. Asilimia 85 yake ni 170, na mkononi unapokea 165.20. Kwa hiyo vitu vidogo vidogo ni afadhali kuvinunua kwa mkupuo duka moja, kwenye risiti moja.

Kinachowaponza watu ni mpangilio. Dawati la kodi unaliendea kabla ya kukabidhi masanduku, kwa sababu afisa ana haki ya kuona bidhaa. Ukishaliachia sanduku likaenda na mkanda, huna cha kumwonyesha. Usilizungushie nailoni kwanza, na vitu vya risiti kubwa viweke juu, visiwe chini ya mchele. Dhahabu itembee nayo kwenye mkoba wa mkononi. Kwenye msimu wa likizo tenga saa nzima kwa dawati hili, na kama madai yako yote ni dirhamu 20, jiulize kama foleni ina thamani hiyo.

Asubuhi yenyewe, basi. Anzia Al Fahidi, ng'ambo ya hori (mkono wa bahari unaokatiza mji) kutoka Deira, mtaa ambao wengi bado huuita Bastakiya, mapema kabla jua halijawa kali. Kuanzia Juni mpaka Septemba joto hupita nyuzi 40 na mchana haufai kutembea. Nyumba zake za mawe ya matumbawe zilijengwa na wafanyabiashara waliotoka upande wa Uajemi mwishoni mwa karne ya 19, na minara ya upepo juu ya mapaa ndiyo iliyokuwa kiyoyozi chao. Inua macho utazame dari. Boriti za nyumba za kale za Ghuba zilikuwa za mikoko iliyosafirishwa kwa majahazi kutoka Lamu na delta ya Rufiji, na vyumba vina upana wa karibu mita tatu kwa kuwa mkoko hautoi boriti iliyonyooka ndefu zaidi ya hapo kwa urahisi. Mtu wa Lamu au Mji Mkongwe akiingia humo anajua alipo bila kuambiwa. Tunashangaa kwamba wengi hupita karibu na hapo kwenda kununua vitambaa, wasigeuze hata shingo.

Kisha vuka hori kwa abra, mashua ndogo ya abiria. Nauli ni dirhamu 1, taslimu, unampa nahodha mkononi. Noti ya 100 itakuletea maneno. Ng'ambo ya pili, kwenye gati za Deira, majahazi hupakia majokofu na matairi hadharani, na kutazama hakuna kiingilio.

Soko la viungo liko hatua chache kutoka kivuko cha Deira. Karafuu ziache: nyingine zimetoka kwetu, na hapa utazilipia safari ya kwenda na kurudi. Zafarani ndiyo ya kuchukua, kwa gramu. Omba nyuzi mbili tatu ziwekwe kwenye maji baridi. Halisi hutoa rangi ya manjano taratibu na uzi wenyewe hubaki mwekundu. Iliyopakwa rangi hutoa wekundu papo hapo na uzi hupauka. Ubani wa Oman pia ni mwepesi na haupatikani kirahisi kwetu kwa ubora ule. Manukato ya mafuta huuzwa kwa tola, ambayo ni kama gramu 11.7, na chupa inayozidi mililita 100 haipiti kwenye mkoba wa mkononi. Sanduku lako likiwa limeshafungwa, basi nunua tola moja moja.

Kwenye dhahabu, bei ya gramu ya siku huandikwa kwenye ubao wa kila duka na haina mjadala. Mjadala uko kwenye ufundi, yaani gharama ya sonara kutengeneza pambo. Kwa hiyo usiulize "mkufu huu bei gani". Uliza gramu ngapi, karati ngapi, ufundi kiasi gani kwa gramu, kila kimoja peke yake, na vyote viandikwe kwenye risiti. Chapa 916 ni karati 22, 875 ni 21, 750 ni 18. Pambo lenye mawe lipimwe mawe yakiwa yameondolewa kwenye hesabu, vinginevyo unanunua kioo kwa bei ya dhahabu. Watakaokunong'oneza njiani kuhusu saa na mikoba ya bandia na kukutaka upande nao ngazi za nyuma, waache waende zao.

Dirhamu imefungwa kwa dola tangu 1997, 3.6725 kwa dola moja. Duka la kubadilisha fedha likikupa 3.65 ni sawa, likikupa 3.50 linakula sana. Bakiza dirhamu za teksi, na za tozo ya utalii kama hukuilipa ulipofika: ni 7 mpaka 20 kwa chumba kwa usiku kulingana na nyota za hoteli.

Burj Khalifa na maduka makubwa yanayoizunguka yasiingie siku hii. Kutoka kituo cha metro mpaka ndani ni zaidi ya mita 800 za kutembea kwenye daraja, na kurudi vivyo hivyo. Dragon Mart nayo, jengo la maduka ya bidhaa za Kichina, yenye urefu wa kilomita 1.2 na isiyo na metro, ni ya nusu siku nzima katikati ya safari.

Pawabenki ikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku, na isizidi wati-saa 100. Ya mAh 20,000 ni kama 74, inapita. Ya 30,000 ni 111, inazidi. Emirates tangu Oktoba 2025 huruhusu moja tu kwa abiria, na kuitumia angani ni marufuku.

Risiti zote zibaki mkononi mpaka upite forodha ya nyumbani, kwa sababu asiye na risiti hukadiriwa bei na afisa. Mifuko ya plastiki ya kubebea iondoe kabisa: Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania Juni 2019, na Dubai yenyewe ilifuata mwaka 2024. Mfuko wa kitambaa unaokunjika hauna uzito, na jioni ile ya mwisho, sanduku likiwa stoo, ndimo zitakamoingia zafarani, ubani na tende za watoto.

Wasomaji wako,
mawakala wa tiketi na mizigo,
Kariakoo, Dar es Salaam